Yoshua 1:3 na ploti: dada, soma mstari wa 4 kwanza

Dada wa zamu za usiku, simama hapo hapo kabla hujaenda Njoro na hao wamama wa kesha. Umeuliza vitu vitatu, utasomaje Biblia ukitoka kazini umechoka, kama Agano la Kale bado linatuhusu na ile habari ya nguruwe, alafu mwishoni kabisa ukagusia kama kitu kidogo eti Jumamosi mnaenda kukanyaga ploti mkidai Yoshua 1:3, ule wa kila mahali nyayo zenu zitakapokanyaga mmepewa, na Jumatatu unalipa dipoziti na mkopo wa Sacco. Hilo la mwisho ndilo litakula pesilipu yako miaka minne, najua ju yangu ililiwa.

Mimi nilikanyaga. Ilikuwa ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Bahati, mtumishi wa Mungu alisema ameonyeshwa ni yangu, tukavua viatu tukazunguka mara saba (mara saba ni ya Yeriko, sura ya 6, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa anahesabu sura), tukamwaga mafuta ya kupikia kila kona tukiita upako. Tulikuwa tunakanyaga mahindi ya watu. Jamaa mmoja akatoka na jembe akauliza, "Mnatafuta nini kwa shamba ya mama yangu?" Huyo alikuwa ndugu wa muuzaji. Akatuambia mzee alikufa, hati bado iko kwa jina la mzee, na kotini hawajamaliza mambo ya urithi. Kila kitu nilichohitaji kujua alinipa bure, amesimama na gumbuti zake. Na mtumishi akanivuta kando akaniambia huyo ndiye Mwamori (wale wenyeji Israeli waliambiwa wawafukuze), kila nchi ya ahadi lazima iwe na Mwamori, tukamkemea. Mimi mtu mzima na watoto wawili nikamkemea mtu kwa shamba la mama yake.

Nilipotaja kwenda ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kuangalia shamba limeandikishwa kwa jina la nani, nikaambiwa hiyo ni kukosa imani. Basi nikachukua mkopo wa Sacco, 480,000, nikamlipa kitinda mimba wa ile familia ambaye hakuwa na haki ya kuuza hata mgomba, maana mali ya marehemu haiuzwi mpaka koti ithibitishe nani warithi. Miezi saba baadaye kazi yangu ikaisha, Sacco ikageukia wadhamini. Mmoja wao ni shemeji yangu. Amekatwa akiba yake, na Krismasi mbili sasa hajakanyaga kwangu, nyayo zake hazidai kitu. Mtumishi naye alishahamia mji mwingine, nasikia ana gari. Sadaka ya shukrani alichukua siku ile ile ya mafuta, hiyo hakungoja ithibitishwe.

Sasa fungua Biblia yako, anza hapo Yoshua 1. Mstari wa 3 unasema "nyayo za miguu yenu", yenu, wengi, ni taifa linaambiwa kupitia Yoshua, si Wanjiku na Sacco yake. Mstari wa 4 unataja mipaka: jangwa, Lebanoni, mto Frati. Frati haipiti Njoro, hata mvua ikizidi. Na huyo Yoshua mwenye ahadi mkononi sura ya 2 alifanya nini? Alituma watu wawili wakapeleleze nchi. Hiyo si sachi ni nini?

Abrahamu ndiye ananiumiza zaidi. Mwanzo 13 Mungu mwenyewe anamwambia atembee nchi ile urefu na upana, kwa hiyo yeye alikuwa na ruhusa ya kukanyaga. Lakini Sara alipokufa, sura ya 23, alitaka mahali pa kumzika, na hakumwaga mafuta kwa shamba la Efroni. Alimpimia Efroni shekeli 400 za fedha akalipa zote mbele ya watu langoni. Yeremia 32 hivyo hivyo, Yerusalemu imezingirwa, yeye amefungwa, ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, na kuna hati, mashahidi, muhuri, alafu Baruku mwandishi wake anaweka karatasi kwa chombo cha udongo zikae siku nyingi. Nabii kamili! Na mimi niliambiwa karatasi ni za watu wa mwili.

Kwa hivyo mimi sheria yangu ni moja tu, na nitaisema mpaka mnichoke: kabla uweke jina lako kwa mstari, uliza uliandikiwa nani na umepitia wapi mpaka ukufikie. Angalia mstari wa 5 hapo hapo, "sitakupungukia wala sitakuacha". Huo umetufikia kweli, maneno kama hayo yako Waebrania 13:5 wakiambiwa Wakristo. Na wanaambiwa kwa sababu gani? Wasipende fedha, wawe radhi na vitu walivyo navyo. Ningesoma hiyo usiku ule wa kesha ningelala na 480,000 zangu.

Nguruwe na zamu za usiku wengine watakujibu, nimeshachoka na nimeandika kwa simu. Wewe nijibu moja tu: jina lililo kwa hiyo hati ni la huyo anayekuuzia, ama ni la babake?