Dachshund mdogo analia ukimbeba
Dada wa Ntinda pole, nimekuelewa, kambwa kako ka miaka 4 kanalia ukikabeba na tangu juzi hakataki kuruka sofa. Usingoje Jumatatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hawa mbwa wa dachshund mgongo wao mrefu, disiki (vile vipande laini kati ya mifupa ya mgongo) zinaharibika, na miguu ya nyuma ikianza kuburuta au akishindwa kukojoa hiyo ni dharura kabisa. Wangu alianza hivyohivyo, nilikuwa nampa posho (ugali) na mabaki ya nyama mpaka akafika kilo 8, wakati hawa wadogo huwa kama 5 tu. Kwa sasa mfungie sehemu ndogo, asiruke asipande ngazi, ukimbeba mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya matako, mgongo ulale sawa. Na panadol usimpe, tafadhali.