Ferguson 35: usiangalie kijivu, tafuta shaba

Mkuu, umesema baba mkwe amekuachia trekta la Ferguson 35 huko Wales, rangi nyekundu ya boneti inabanduka na chini yake umeona kijivu. Unauliza kama ndiyo ile ya "kijivu na dhahabu" inayotafutwa na wakusanyaji, na kama ulipake upya kabla ya kuliuza. Tafadhali, msasa uweke kando kwanza.

Nina mwaka wa tisa hapa Lincolnshire, Uingereza, kwenye karakana ya matrekta ya zamani, na 35 ndilo nilipendalo kuliko yote. Mzee wangu aliendesha Massey Ferguson nyekundu, jina la baadaye la Ferguson, kwenye mashamba ya ngano kule Karatu, na mlio wake naujua tangu utotoni.

35 lilianza kutoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, mwaka 1956, likashika nafasi ya TE20, trekta la Ferguson lililotangulia. TE20 zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni, kijivu tupu, kwa hiyo kijivu chake hakimshtui mtu. Zile 35 za mwanzo ndizo zilizobadilika: mabati kijivu, lakini injini, gia boksi na ekseli zikapakwa rangi ya shaba, ambayo watu huiita dhahabu. Haikudumu. Mwishoni mwa 1957 mabati yakawa mekundu, na injini hadi ekseli ndiyo ikawa kijivu. Uadimu wake unatokana na ufupi wa muda huo.

Sasa, kijivu ulichokiona kwenye boneti kinaweza kuwa rangi ya kwanza ya kushikia tu, au boneti ilihamishwa kutoka trekta jingine. Hilo hutokea kila siku. Ushahidi uko kwenye gia boksi: je, chini ya kijivu kuna shaba?

Hili nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa pili nilinunua mnadani 35 ya dizeli, boneti kijivu, tumbo linang'aa shaba, kwa bei iliyozidi nyekundu yoyote siku ile. Nyumbani nikahesabu nozeli za dizeli: tatu, yaani silinda tatu. Dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya kampuni ya Standard ya silinda nne. Perkins ya silinda tatu ilianza kufungwa 1959. Nikajipa moyo kwamba injini huenda ilibadilishwa. Nikafungua bati la kukanyagia, mahali brashi ya mpakaji isipofika. Kijivu cha kiwandani, shaba hakuna hata chembe. Lilikuwa trekta jekundu lililovalishwa. Iliniuma sana, maana fedha ile ilikuwa akiba ya miezi mingi.

Kwa hiyo wewe anza na injini, kisha kibati cha namba ya kiwandani uoanishe na mwaka, halafu ndipo uende kwenye rangi. Grisi na udongo ulioganda pembeni mwa ekseli usiukwangue; lainisha kwa mafuta ya taa na brashi laini. Uchafu huo ndio umetunza rangi ya zamani miaka yote. Mashine ya maji ya moto ya presha itaing'oa.

Ukikuta shaba, safisha na uishie hapo. Wanunuzi wa kweli wanaokuja karakana yetu huinama kutazama rangi iliyochakaa, na rangi mpya huwatia shaka. Ukikuta hakuna, lipake nyekundu, ndiyo rangi yake halali. Nyekundu zipo nyingi, bei itategemea injini na haidroliki.

Ndivyo ilivyo hata kwa matrekta ya Fordson N ya kiwanda cha Dagenham: bluu tangu 1933, rangi ya chungwa kuanzia 1937, kijani wakati wa vita. Ya 1934 ukiipaka chungwa ipendeze, anayeijua ataona kosa akiwa bado getini.

Ukishalegeza bolti za bati la kukanyagia la kushoto, piga picha mchana bila flashi uiweke hapa, pamoja na ya upande wa nozeli.