Ada hiyo mlipieni mtoto, nilitaka kujibu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mtu mzima mwenye kazi na watoto anafaidika nini akisomea shahada ya makuzi ya binadamu na familia?" Limenichoma, kwa kuwa kwa miaka mingi nimekuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata yetu hapa Morogoro, na hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira maalumu, wanandoa wafike barazani kabla ya kudai talaka mahakamani. Inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wala haitaji shahada popote. Kwa hiyo ninyi mmeuliza faida, nami ninauliza ni nani hasa anayestahili kuingilia nyumba ya watu.

Siku moja waliletwa fundi cherehani anayeshonea nyumbani na mkewe muuguzi wa zamu za usiku, wenye mtoto wa miaka mitano. Wazee wetu walianza kama kawaida: mahari ilikwisha, mshenga ni nani, nani alimtukana mkwe. Afisa ustawi wa jamii wa kata alikuwa amealikwa. Ni mama aliyefundisha chekechea kwa muda mrefu kabla ya kurudi chuoni akiwa na wajukuu. Alipopewa nafasi aliuliza, "Mtoto akishtuka usiku humwita nani?" Mke alijibu, "Baba yake." Mzee mmoja alinung'unika kwamba hayo si maswali ya baraza, lakini mama yule hakunyamaza: kadi ya kliniki inakaa wapi, mtoto anakataa chakula gani, mwalimu wake ni nani. Mume alijibu yote bila kusita, na mke alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akakumbusha kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama. Afisa akamjibu kwa adabu kwamba sheria inasema hivyo kama dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, tena mwamuzi wa malezi ni mahakama. Hatukuwapatanisha, tuliandika hati ya kushindwa usuluhishi. Hata hivyo waliondoka wakiwa wamekubaliana ratiba ya mtoto kulingana na zamu za mama, jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria kabisa.

Baadaye nilimwambia afisa yule kwamba maswali yale ni ya mama yeyote mwenye akili. Alikataa. Alisema alipokuwa akifundisha chekechea aliwaona watoto wa namna hiyo kila siku, ila hakujua la kuuliza mpaka aliposoma habari za John Bowlby, yule daktari wa akili wa Uingereza aliyeandika kuhusu mtoto na mlezi anayemtegemea. Jibu hilo limenisumbua tangu nilipoanza kuandika barua hii.

Basi huyo mtu mzima wa swali lenu asome, lakini asisome kwa ajili ya kutibu ndoa yake mwenyewe, maana darasa si baraza. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wanayo shahada ya familia na walaji. Mwenye kuhitaji ajira ya halmashauri ningemwelekeza kwanza kwenye ustawi wa jamii, ambayo ni kada inayojulikana, kuliko shahada ambayo atalazimika kuieleza katika kila usaili. Asiyeweza kuacha kazi anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Aliyeishia kidato cha nne anaweza kupitia astashahada na stashahada, njia ndefu kwa mwenye umri mkubwa. Kabla ya kulipa ada ya kwanza azungumze na mwajiri kuhusu ruhusa ya mafunzo kwa vitendo, kwa sababu hayo hayafanyiki jioni baada ya kazi.

Wajumbe wa baraza bado ningependa wachaguliwe kwa busara, bila vyeti, mradi afisa yule apewe kiti cha kudumu miongoni mwetu na aulize kabla ya wazee.