Kompyuta yangu inakataa Windows 11: ninunue nyingine au ipigwe kwa nguvu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2018. Prosesa yake ni Core i5-8250U, RAM GB 4, diski ngumu ya TB 1, na ina Windows 10. Kuwaka tu ni dakika kadhaa, na nikifungua Excel pamoja na kivinjari inaganda. Tangu Microsoft waiache Windows 10 nimekuwa nikijaribu kuhamia Windows 11, lakini programu yao ya ukaguzi inasema mashine haikidhi vigezo: TPM 2.0 haionekani na Secure Boot haikubaliki. Fundi mmoja anasema ataipiga Windows 11 kwa nguvu kwa flashi yake. Mwingine anasema imezeeka, nitafute nyingine. Nina programu ya kupangia ratiba ya shule ambayo CD yake ilishapotea, kwa hiyo kufuta kila kitu siwezi. Nifanyeje? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, nzuri. Usinunue nyingine, na huyo bwana mwambie abaki na flashi yake. Mashine yako inafaa kabisa kwa Windows 11. Kuna mipangilio miwili ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, ambayo imezimwa na hakuna aliyeingia kuitazama. Ila kuna jambo hukuniuliza ambalo lazima nikuambie: ukiwasha hiyo mipangilio na kupandisha mfumo leo, ukaiacha diski uliyonayo, mashine itazidi kuwa nzito na utailaumu Windows 11 bure. Kinachokutesa ni diski.

Niondoe kwanza hofu ya uzee. Kwenye i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa: cha 8. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft walichora mstari wao upande wa Intel kwenye kizazi cha 8, wakiacha wachache tu wa kizazi cha 7 wapenye. Yako imetoka mwaka 2017, imepita. Mwenye i5-7200U ya mwaka mmoja nyuma yake yuko nje. Na kwa wengine mnaosoma: kuanzia kizazi cha 10 kizazi husomwa kwa tarakimu mbili, kwa hiyo i5-1035G1 ni ya kizazi cha 10. Nimewahi kuletewa moja ambayo mwenyewe alishaambiwa ni ya kizazi cha kwanza, akawa anataka kuiuza vipuri.

Sasa hilo katazo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa BIOS Mode. Nina hakika kubwa utakuta neno Legacy. Maana yake mashine inawaka kwa mtindo wa zamani, na kwa mtindo huo Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuwaka pamoja na mashine, haiwezi kufanya kazi, ndiyo maana ukaguzi unalalamika. Mashine ya mwaka 2018 ina UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwaka, ndani yake. Ikikutwa iko Legacy, mara nyingi kuna siku ilipigwa Windows upya na mtu ambaye flashi yake iligoma kuwaka, akabadili BIOS, akamaliza kazi, akaondoka. Hapohapo tazama na mstari wa System Type. Ukiona x64 endelea nami. Ukiona x86, hiyo ni Windows ya biti 32 na haina njia ya kupandishwa. Itabidi ipigwe upya.

TPM nayo ni sehemu inayotunza funguo za siri mbali na mfumo wenyewe. Wengi wanadhani ni chipu ya kununua na kuchomeka. Kwenye kompyuta mpakato za umri wa yako kazi hiyo hufanywa na teknolojia ya Intel iliyomo humohumo, inaitwa PTT, na AMD wanaiita fTPM. Ikizimwa kwenye BIOS, Windows haiioni. Ikiwashwa, inaonekana. Ndiyo hadithi yote.

Kuhusu kupiga kwa nguvu: itaingia, sikatai. Zipo njia za kuruka ukaguzi na mafundi wengi tunazijua. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine iliyoingizwa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho, na yanapokuja matoleo makubwa ya kila mwaka huenda ukarudi kwa fundi ayapenyeze tena kwa mkono. Kwa mashine isiyokidhi vigezo mtu anaweza kuupima huo mzigo. Kwa yako ni kuruka ukuta na geti liko wazi.

Tuje kwenye diski. Kesho ukiwasha mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, utazame safu ya Disk. Sitashangaa ikiwa imekwama kwenye 100% huku prosesa haina kazi ya maana. Diski ngumu nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kila Windows inapotaka kipande cha faili, mkono wa diski unahama, kisha unasubiri kipande kizunguke kifike chini yake. Kwa mwendo huo hata vipande 100 vilivyotawanyika haifikishi kwa sekunde, na Windows ikiwaka inaita maelfu. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka. Ya kawaida ya SATA, kiunganishi kilekile cha diski ngumu, inasoma makumi ya maelfu kwa sekunde. Sikia na sauti: ile krr-krr isiyokoma baada ya kuwasha ni huo mkono ukihangaika.

RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa wanachokubali Windows 11, na kiwango cha chini hukifurahii. Ikijaa, Windows inahamishia ziada kwenye diski, diski ileile iliyozidiwa. Ndipo Excel na kivinjari vinapoganda. Fika GB 8. Kwenye Task Manager, upande wa Memory, pameandikwa nafasi ngapi za RAM zimetumika kati ya ngapi. Ikiwa ni 1 kati ya 2, unaongeza kipande cha GB 4 cha DDR4. Nenda na kipande cha zamani mkononi ukalinganishe, maana cha DDR3L kinafanana kwa mbali lakini mkato wake haukai hapo, na kuna wanaolazimisha hadi wanavunja. Baadhi ya mashine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao. Kama yako ni hivyo, bakia na SSD peke yake.

SSD nakushauri ya inchi 2.5 ya SATA, inayokaa palepale penye diski ya sasa. Huenda ukaambiwa mashine ina na nafasi ya M.2, ya SSD za umbo la kipande chembamba. Inaweza kuwa nayo, ila vipande vya M.2 vipo vya SATA na vya NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), vinafanana umbo, na nafasi nyingine hukubali aina moja tu. Zaidi ya hapo, Windows yako inawaka kwa Legacy, na mashine nyingi hazikubali kuwasha NVMe kwa mtindo huo. Usijitafutie maswali mapya. Ukubwa uendane na ulichonacho: ukiwa umetumia GB 180, chukua ya GB 480 au 512.

Kama isingekuwa ile programu ya ratiba, ningekuambia uweke SSD tupu, upige Windows 11 upya, umalize mchana mmoja. Kwa sababu ipo, tutaikloni diski, yaani kuinakili nzima jinsi ilivyo, kisha tufanye mabadiliko yote kwenye nakala. Faida yake ni kwamba diski ya zamani inatoka salama na inakaa kabatini kama akiba. Hata hivyo mitihani na matokeo yanakili kwanza pembeni kwa mkono, usiitegemee kloni peke yake, hasa ukisikia diski inagonga.

Mpangilio wake uko hivi. SSD inaunganishwa kwa waya wa SATA kwenda USB, diski inaklonishwa, mashine inazimwa, betri inachomolewa kwenye ubao, kisha diski inatolewa na SSD inawekwa. Waka bado kwa Legacy ileile, uone kila kitu kipo na ratiba inafunguka. Usiguse BIOS kabla ya hapo. Halafu fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Hii inakagua tu, haibadilishi kitu. Ikikubali, ndipo:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Amri hii inabadili mpangilio wa diski kutoka MBR wa zamani kwenda GPT unaohitajika na UEFI, bila kufuta mafaili, nayo imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703. Ukaguzi ukigoma, sababu ya kawaida ni vigawanyo vingi: haitaki zaidi ya vitatu vya msingi. Wale mliogawa diski C, D, E na F mtakutana nayo hapa.

Ikimaliza, zima na uingie BIOS moja kwa moja, kwa F2, F10 au Del kutegemea mtengenezaji. Sasa badili Legacy kwenda UEFI, washa Secure Boot, tafuta PTT uiwashe (mara nyingi imejificha chini ya Security au Advanced), hifadhi, toka. Ukisahau kubadili kwenda UEFI baada ya ile amri, Windows haitawaka na utadhani umeua diski. Hujaua, rudi BIOS.

Kabla ya kuingia BIOS kwa mara ya kwanza, andika manage-bde -status kwenye dirisha lilelile. Ikionyesha kwamba BitLocker, kufuli la siri la Windows, inalinda diski, isimamishe kwanza. Mimi niliwahi kuisasisha BIOS ya mteja bila kuangalia hilo, mashine ikarudi na skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye mashine hakuwa amewahi kusikia neno BitLocker. Tulikaa hadi jioni tukikumbuka nywila ya akaunti yake ya Microsoft, maana ufunguo ulikuwa umehifadhiwa huko bila yeye kujua. Wakati wote huo nilikuwa najichekea kwa aibu, nikijifanya ni jambo la kawaida.

Ukifika hapo, rudia ule ukaguzi wa Microsoft. Utakubali. Chomeka chaji, endesha programu yao ya kuhamia Windows 11, na ukiulizwa, chagua kubaki na mafaili na programu zako. Leseni hununui: kama Windows 10 yako ni halali, haki yake imefungwa kwenye ubao wa mashine, na kubadili diski hakuigusi. Toleo linabaki lile lile, Home kwa Home na Pro kwa Pro. Siku moja mbili za mwanzo feni itavuma na mashine itapata joto kwa kuwa inapanga mambo yake upya, iache.

Kwa msomaji mwenye kizazi cha 6 au cha 7, ushauri ni tofauti. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani walitangaza kuwa unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, toleo lake jepesi la Xfce, juu ya SSD hiyohiyo. Kwa anayetumia kivinjari na kuandika barua, hatapata shida. Kwa programu ya ratiba ya Windows kama ya Mwalimu, hapo sina uhakika wa kumpa.

Mwisho, Mwalimu: una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio endapo ratiba itagoma. Ijaribu siku ya kwanza, ichape na ukurasa mmoja, kwa sababu printa za zamani ndizo hugoma kimyakimya. Diski ya zamani usiiguse hadi umalize muhula mzima.