Kung'oa atomu si kuharibu kifaa?

Swali: Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Jinja. Nimesikia watafiti wanang'oa atomu kwa makusudi kwenye maada zenye tabaka ili waongoze elektroni. Kwangu, kitu chenye kasoro hutupwa. Inakuwaje?

Jibu: Ndugu fundi, transista unazobandua kila siku zinafanya kazi kwa sababu ya kasoro. Silikoni safi hupitisha umeme kwa shida. Hutiwa atomu ngeni kidogo tu, kama za fosforasi, ndipo elektroni zinapata mwendo. Ila humo kasoro zimetapakaa kama chumvi kwenye mchuzi. Kwenye tabaka jembamba unaweza kuuliza: atomu ipi, na iko wapi?

Chukua molibdenamu disulfaidi, mojawapo ya maada hizo zenye tabaka. Tabaka moja lina unene wa nanomita 0.65 hivi: salfa juu, molibdenamu katikati, salfa chini. Hapo hakuna "ndani" pa kujificha. Salfa moja iking'oka, kwa joto au kwa kupigwa miali ya elektroni, molibdenamu tatu zilizoishika hubaki mikono mitupu. Pengo hilo huzaa ngazi za nishati pale ambapo awali elektroni haikuruhusiwa kukaa, na elektroni inayopita hunaswa. Kwa transista ni hasara. Kwa anayetaka kutoa haidrojeni kwenye maji, hapo ndipo kazi inapofanyika. Unaweza pia kubadilisha badala ya kung'oa: metali ya niobiamu ikishika nafasi ya molibdenamu, elektroni moja inapungua; metali ya reniamu ikiishika, moja inazidi.

Kumbuka pia kwamba elektroni ni wimbi. Tazama nguzo iliyochomekwa majini pale mwalo wa Masese: wimbi likiigonga, viduara husambaa. Mwaka 1993 watafiti wa IBM, kampuni ya kompyuta, walipanga atomu 48 za chuma duara juu ya shaba, kwenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri, na mawimbi ya elektroni yakaonekana yamefungiwa ndani. Shaba si maada ya tabaka, lakini kasoro hugonga wimbi vilevile.

Karakanani kwako huwezi kung'oa atomu moja. Kubandua tabaka unaweza: selotepu na grafiti, madini yaliyopo hata Orom kule Kitgum, ndivyo wanafizikia Geim na Novoselov walivyoanza na grafini, yaani tabaka moja la grafiti lenye unene wa atomu moja, mwaka 2004. Usitegemee kuiona grafini hiyo kwa macho matupu. Iweke juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 300 hivi, kisha utazame kwa hadubini.