Muulize Shangazi: Mbalamwezi ilituokoa, mume wangu ananicheka

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga, Kigoma. Likizo hii ya Juni nilinunua daftari dogo, nikaanza kuandika vitu vinavyotutokea nyumbani kana kwamba kuna mtu anavipanga.

Kurasa za mwanzo ni za kuchekesha. Mawese yamekwisha, maharage yako jikoni, mara mtoto wa jirani anabisha hodi na chupa ya soda imejaa mawese mapya. Kandambili ya kitinda mimba wangu ilichukuliwa na maji pale Kibirizi. Siku ya tatu tukapita mbele kidogo, upande wa kuelekea Gombe, tukaikuta juu ya jiwe karibu na akina mama wanaoanika dagaa. Ni ile ile, maana kamba yake niliishona mwenyewe kwa waya.

Lakini lililonitoa machozi ni la usiku wa Jumanne moja. Huyo kitinda mimba ana pumu, na vumbi la kiangazi unalijua. Saa saba usiku akabanwa, kifua kinapiga filimbi, dawa yake ya kupuliza imekwisha. Mume wangu alikuwa safarini Kasulu. Simu yangu haina salio. Nikatoka nje nalia, nikamkuta jirani yetu mvuvi amekaa barazani kwake. Siku zote saa hizo yuko ziwani, lakini mwezi ulikuwa mpevu, hawakwenda. Akawasha pikipiki, tukafika hospitali. Mtoto yuko mzima, alhamdulillahi.

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati. Anasema kandambili ni upepo tu: kiangazi upepo hutoka kusini, unasukuma maji kwenda kaskazini, sasa ulitaka ikaonekane Kalemie, kule Kongo upande wa kusini? Na mwezi hupevuka kila mwezi, mtoto awe mgonjwa asiwe. Hayo nilimvumilia. Ila binti yangu wa miaka kumi alinisikia nikisimulia, akauliza: “Kwani siku ile Babu anafariki na gari halikupatikana, Mungu alikuwa wapi?” Sikuwa na jibu. Daftari nimelifunga. Je, nilikuwa najidanganya?
Mama Watatu, Mwanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe pole huyo mdogo, na huyo mkubwa mpe pole zaidi.

Kwanza la mwalimu. Upepo amepatia. Na mwezi amepatia. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukishamwaga mwanga ziwa zima, taa ya mvuvi inakosa kazi. Tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za betri, mambo ni yale yale. Lakini mwalimu ameeleza kwa nini jirani hakuwa majini. Hajaeleza kwa nini aliinuka. Watu wangapi husikia kilio saa saba usiku wakavuta shuka?

Hapo nakukumbusha Liemba. Watoto wote wa Kigoma tumekua tukiambiwa kwamba meli ile ilizama ikafufuka, na mimi nikiwa mdogo niliamini ni maajabu matupu. Nilipokua nikaelewa vizuri. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, na kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 wakakuta mitambo bado inafaa. Miaka minane chini ya maji! Maajabu bado ni maajabu, lakini kuna mtu alipaka grisi.

Sasa jiulize, kwako nani alipaka? Sikujui, ila nina hakika kuna siku mke wa huyo mvuvi alichota maji kwako, au ulimwangalilia watoto, au mlishirikiana msiba. Chupa ya mawese haitoki kwenye nyumba msiyosalimiana. Hayo nayo yaandike. Daftari lako lina waliokuja kukupa, silioni lina uliowapelekea.

Halafu kuna jambo gumu kidogo, usikasirike. Mbalamwezi iliyokuletea pikipiki, kwa jirani yako ni siku za ukata. Yule alikuwa barazani saa saba usiku kwa sababu hana kazi, labda na usingizi umemkimbia akiwaza unga wa kesho. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mpwa wangu wa Katonga alikaa na wanawe likizo nzima kwa mara ya kwanza. Mke wake akaja kwangu anashukuru: baba kamfundisha mtoto baiskeli, baba anakula nasi usiku. Nikamwitikia amina. Wiki ile ile huyo mpwa alikuja peke yake, akauza kwangu redio yake. Mpaka leo ninayo na siwezi kuisikiliza vizuri.

Kwa hiyo shukuru, lakini usishukuru kwa sauti ya kumfanya mwenzio aone shida yake ilipangwa ili wewe ufaidi. Chukua kilo tano za unga wa muhogo, pitia mlango wa nyuma, mwachie mkewe. Usimweleze kitu.

Kuhusu binti yako. Nilipofiwa na mume wangu, mwanangu aliniuliza swali kama hilo. Nikamjibu upesi upesi kwamba Mungu alimpenda zaidi Baba. Alikaa miaka akiogopa kupendwa na Mungu. Basi usimjibu upesi. Mwambie hujui. Mwambie na wewe siku ile uliuliza hivyo hivyo. Kisha mpe daftari, kalamu na ukurasa wake, aandike siku ya Babu: nani alikimbia barabarani kutafuta gari, nani alikaa na Bibi mpaka kunakucha. Akiandika kwamba gari halikuja, usimfutie.

Mwalimu naye mwachie ukurasa wa upepo, atafurahi.

La mwisho ni la haraka. Ukihesabu wiki mbili tangu mwezi kupevuka, ni giza totoro na jirani yako yuko katikati ya ziwa. Dawa ya kupuliza nunua mbili, moja ikae nyumbani daima. Weka salio la simu usiloligusa. Na namba ya bodaboda anayelala karibu iandike ukutani kwa mkaa, juu, huyo kitinda mimba asifikie kuifuta.