Maswali ya Wasomaji: Muhula Mmoja Ujerumani Wakati wa Korona

Muhula wa kiangazi wa vyuo vikuu vya Ujerumani ulianza rasmi tarehe 1 Aprili 2022, na barua nyingi za Februari mwaka huo zilitoka kwa wanafunzi wa mpango wa kubadilishana. Tulijibu nne; kanuni, ada na viwango vilivyomo ni vya wakati huo, na zile kanuni za korona zimeshaondolewa.

Shikamooni. Mimi nilichanjwa Johnson & Johnson dozi moja mwezi Agosti, rafiki yangu Sinopharm mbili. Tunakwenda Leipzig mwezi wa tatu. Tutahesabiwa kuwa tumechanjwa? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Wewe hujakamilisha, na chanjo ya mwenzako haitambuliwi. Zamani dozi moja ya Johnson & Johnson ilitosha; tangu tarehe 15 Januari 2022 haitoshi tena. Tafuta dozi ya pili sasa hivi, maana utahesabiwa umekamilisha siku 14 baada ya sindano hiyo, si siku ile ile. Sinopharm haimo kwenye orodha ya Taasisi ya Paul Ehrlich, mamlaka ya chanjo ya Ujerumani. Rafiki yako asikate tamaa: akishafika na kujisajili kuwa mkazi atachanjwa bure, ila ataanza upya.

Ukishakamilisha, tofauti yenu itaonekana safarini. Ikiwa siku hiyo nchi mnayotoka imo katika orodha ya maeneo yenye hatari kubwa ya Taasisi ya Robert Koch, taasisi ya Ujerumani ya kudhibiti magonjwa, nyote mtajaza fomu ya mtandaoni ya kuingia nchini iitwayo Einreiseanmeldung kabla ya kupanda ndege. Orodha hubadilika, kwa hiyo itazameni tena mkikaribia kuondoka. Aliyekamilisha chanjo hupakia cheti na hana karantini. Asiyekamilisha hujifungia siku 10, na anaweza kupima kuanzia siku ya 5 ili atoke mapema. Andikeni anwani ya chumba mtakacholala, si ya chuo, kwa sababu idara ya afya itawatafuta hapo. Na msifike Jumamosi usiku! Jumapili maduka ya vyakula hufungwa karibu nchi nzima, na aliye karantini haruhusiwi kwenda dukani hata Jumatatu. Kama jiko la bweni ni la pamoja, iandikieni ofisi ya mabweni mapema muulize watamweka wapi.

Barakoa za kitambaa zinafaa? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Dukani na kwenye treni inatakiwa ya hospitali au FFP2, yaani ile nene inayochuja hewa, na jimbo la Bavaria wanataka FFP2. Ndani ya basi na treni beba pia cheti cha chanjo, au cha kupona, au kipimo cha haraka kisichozidi saa 24.

Ubalozi unataka akaunti ya Ujerumani yenye fedha zilizozuiliwa. Ni kiasi gani, na nianzie wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Hiyo huitwa Sperrkonto. Kiwango cha mwaka 2022 ni euro 861 kwa mwezi, hivyo miezi 6 ni euro 5,166. Mwenye ufadhili unaofikia kiasi hicho hupeleka barua ya ufadhili badala yake. Tatizo huanzia benki: fedha zikipita benki ya kati, ada hukatwa njiani, zinafika pungufu, na uthibitisho hautolewi mpaka ujaze pengo. Mwambie karani kwamba ada zote utalipa wewe mtumaji, kisha ongeza euro 100 hivi juu. Ada ya viza ni euro 75, mbali na hizo.

Fedha hizo hazitoki siku ya kwanza. Zinaachiliwa kila mwezi kuingia akaunti ya kawaida, na benki nyingi hukufungulia akaunti hiyo ukiwa na karatasi ya usajili wa makazi. Usajili nao, Anmeldung, unadai barua ya mwenye nyumba na unatakiwa ndani ya wiki 2 tangu kuhamia. Wakati huu wa korona ofisi hizo hupokea watu kwa miadi tu, hivyo weka miadi ukiwa bado Mwanza. Beba fedha za dhamana ya chumba na kodi ya mwezi wa kwanza.

Bima ya afya ya umma ya mwanafunzi kwa mwaka 2022 ni takriban euro 110 kwa mwezi. Tangu Januari 2022 shirika la bima ndilo linalokitaarifu chuo kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo karatasi ya bima mkononi haitoshi kukuandikisha: waombe watume taarifa hiyo. Ukifika Machi, kata bima ya safari kwa siku za kabla ya muhula.

Vipindi vingine vitakuwa mtandaoni, na wiki za mwanzo huenda nikawa bado nyumbani. Niangalie nini? (Mwanafunzi, Nairobi)

Saa kwanza. Sasa Nairobi iko mbele ya Ujerumani kwa saa 2. Kuanzia Jumapili tarehe 27 Machi itakuwa saa 1. Ratiba ikiandika 10 c.t., kipindi kinaanza dakika 15 baadaye, yaani saa 5 na robo asubuhi kwako ukianza masomo Aprili.

Kinachowaponza wageni zaidi ni mtihani. Kujiandikisha kwenye somo hakukuandikishi kwenye mtihani wake. Hilo ni jambo la pili, lenye tarehe yake ya mwisho, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya mtihani, na ukiikosa hata mwalimu anayekupenda hawezi kukusaidia. Wiki ya kwanza muulize kila mwalimu: mtihani ni lini, najisajili wapi, ni wa ukumbini au mtandaoni? Vyuo vingi vina awamu ya pili karibu na Septemba. Kama tiketi yako ni ya Julai, mtihani wa awamu hiyo hutaufanya.

Kwa mtihani wa mtandaoni, jaribu mapema kupiga picha kurasa zako na kuziunganisha kuwa faili moja la PDF, kwa sababu dakika za kupakia ni chache. Mtandao ukikatika, piga picha skrini ikionyesha saa, uitume papo hapo kwa ofisi ya mitihani, Prüfungsamt, na kwa mwalimu. Ukisubiri kesho yake, ni vigumu kuthibitisha kilichotokea.